Dawa ya Sonona: Jenereki Si Nusu Dawa

Kwenye kaunta za maduka ya dawa za Nakuru, iwe ni mjini kwenye Kenyatta Avenue au huko Njoro, Molo na Naivasha, swali huja kwa sauti ya chini na huwa lile lile: "Daktari, hii ya sonona nichukue orijino ama jenereki?" Mara nyingi anayeuliza tayari ana jibu lake. Ameambiwa kwamba jenereki inatosha kwa kikohozi na vidonda vya tumbo, lakini mambo ya kichwa si ya kubahatisha. Ameambiwa pia kwamba sheria yenyewe inaruhusu jenereki iwe na asilimia 80 tu ya dawa, kwa hiyo anayeimeza anameza kidonge kilichopunjwa. Hesabu hiyo imezoeleka kiasi kwamba hata baadhi ya wahudumu wa afya huirudia mbele ya wagonjwa. Ni ya uongo, na ina madhara. Humfanya kibarua wa shamba la maua ajibane anunue orijino ya mwezi mmoja, ashindwe kununua ya mwezi wa pili, aache dawa, kisha arudi kliniki akiwa hoi kuliko alivyoanza.

Hiyo nambari 80 haihusu kabisa kiasi cha dawa kilichomo ndani ya kidonge. Jenereki, yaani dawa inayotengenezwa na kampuni nyingine baada ya hataza ya mvumbuzi kuisha, ni lazima iwe na kiungo kile kile kwa kiasi kile kile. Kapsuli ya fluoksetini ya miligramu 20 ina miligramu 20, awe ameitengeneza nani. Kiasi hicho hupimwa maabara, na vitabu vya viwango vya dawa kwa kawaida hutaka kiwe kati ya asilimia 90 na 110 ya kilichoandikwa kwenye pakiti. Sharti hilo linamfunga mwenye orijino sawasawa na mwenye jenereki. Vinavyotofautiana ni rangi, umbo, na vile vitu vya kushikiza kidonge kama wanga na laktosi, ambavyo havitibu sonona wala haviizidishi.

Asilimia 80 hutoka kwenye kipimo kingine, cha damu. Watu wazima wenye afya, mara nyingi kati ya 24 na 36, hupewa orijino, huachwa hadi dawa iishe mwilini, kisha hupewa jenereki, na wengine huanza na jenereki. Damu yao hutolewa tena na tena ili kupima mambo mawili: jumla ya dawa iliyoingia mwilini na kilele ilichofikia. Halafu jenereki hulinganishwa na orijino, na hapa ndipo wapotoshaji wanapotoka nje ya barabara. Haitoshi wastani wa watu hao kuangukia kati ya 80 na 125. Kwa kuwa watu hutofautiana, watakwimu huweka mpaka wa chini na mpaka wa juu wa mahali wastani wa kweli unapoweza kuwa, kwa uhakika wa asilimia 90, na mipaka yote miwili ni lazima ikae ndani ya 80 na 125. Jenereki iliyopata wastani wa 82 mpaka wake wa chini utateremka chini ya 80, na itakataliwa. Kwa idadi ndogo hivyo ya watu, njia ya kufaulu ni kukaribia 100. Wala 125 si ruhusa ya kuzidisha dawa. Ni 80 ile ile ikigeuzwa: kitu kikiwa asilimia 80 ya kingine, hicho kingine ni asilimia 125 ya cha kwanza.

Matokeo halisi yapo kwa anayetaka kuyasoma. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikusanya tafiti 2,070 za aina hii zilizowasilishwa kwake kati ya 1996 na 2007. Tofauti ya wastani kati ya jenereki na orijino ilikuwa asilimia 3.56 kwa jumla ya dawa iliyoingia mwilini na asilimia 4.35 kwa kilele. Tofauti ya ukubwa huo inaweza kuonekana hata kati ya toleo moja na jingine la orijino yenyewe, na sijasikia mtu akirudisha pakiti ya orijino kwa sababu nambari ya toleo imebadilika.

Kuna anayejibu kwamba hata asilimia nne ni nyingi kwa dawa ya ubongo. Ingekuwa hoja nzito kwa dawa inayofanya kazi na kwisha ndani ya saa chache. Dawa nyingi za sonona hazifanyi kazi hivyo. Kwa anayemeza fluoksetini kila siku, nusu ya dawa huchukua siku 4 hadi 6 kutoka mwilini, na kile ambacho ini hutengeneza kutokana nayo, ambacho nacho ni dawa, hukaa zaidi ya hapo. Mwili huwa kama tangi la juu ya paa lililojaa polepole kwa wiki kadhaa: bomba likitiririka kwa kasi kidogo au taratibu kidogo asubuhi moja, kina cha maji hakitikisiki. Kinacholimaliza tangi ni siku ambazo bomba halifunguliwi kabisa. Anayeruka siku 2 kila wiki ili orijino yake imfikishe mwisho wa mwezi amejipunguzia dawa kwa zaidi ya robo. Ule upungufu aliouogopa kwenye jenereki amejitengenezea mwenyewe, kwa bei ya juu.

Tena hiyo orijino aliyoilipia huenda si orijino. Kidonge kinachoitwa Prozac ni cha Eli Lilly, kilichokubaliwa Marekani Desemba 1987 na kupoteza hataza yake huko 2001. Zoloft iliyovumbuliwa na Pfizer, ambayo ni sertralini, ilipoteza yake 2006. Pakiti nyingi zenye majina ya kuvutia kwenye rafu za maduka yetu ni jenereki ambazo mtengenezaji amezipa jina la biashara. Mteja huona jina kubwa lililoandikwa kwa rangi, na jina la dawa lenyewe likiwa dogo chini yake, akaamini amepata ya mvumbuzi. Amelipia wino.

Ipo hoja inayostahili heshima zaidi: mgonjwa anayesema alibadilisha na akaona tofauti. Ninamwamini kwamba aliona tofauti. Swali ni ilitoka wapi. Mara nyingi hakubadilishiwa mtengenezaji, alibadilishiwa dawa. Ameanzishiwa sertralini au esitalopramu kwenye kliniki ya kibinafsi, pesa zimeisha, amekwenda hospitali ya umma na kupewa amitriptilini au fluoksetini, ambazo zimo kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu. Mdomo unamkauka, usingizi unamlemea asubuhi, naye anasema jenereki imemkataa. Hiyo si jenereki ya dawa yake ya awali. Ni dawa nyingine, yenye madhara yake. Halafu kuna suala la kipimo. Amitriptilini ya miligramu 25 usiku hutumika sana kwa maumivu ya neva, ilhali kwa sonona ya mtu mzima daktari kwa kawaida huipandisha hatua kwa hatua hadi 75 au 150. Aliyebaki kwenye 25 kwa miezi na kutangaza kwamba dawa ya serikali haina nguvu hajaijaribu bado. Wala asijipandishie mwenyewe, kwa sababu amitriptilini ikizidi huharibu mapigo ya moyo na inaweza kuua.

Wanaodhani cha bei rahisi ndicho dhaifu waangalie uchambuzi mkubwa uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2018, wa majaribio 522 yenye watu 116,477 na dawa 21 za sonona. Zote 21 zilishinda kidonge kisicho na dawa. Iliyoongoza kwa nguvu ilikuwa amitriptilini, dawa kuukuu ya tangu miaka ya 1960. Na fluoksetini ilikuwa moja kati ya mbili tu ambazo watu waliziacha kwa uchache kuliko walivyoacha kile kidonge kitupu. Dawa mbili zinazodharauliwa kwa sababu hutolewa hospitali ya umma ndizo hizo.

Wengine hubadilisha kweli mtengenezaji tu, na bado wanajisikia vibaya. Hapa tukumbuke ni lini watu huhama kutoka orijino kwenda jenereki: kazi inapopotea, mavuno yanapoharibika, karo ya Januari inapofika. Shida ile ile iliyomhamisha dawa inatosha kuirudisha sonona. Katikati ya pakiti moja na nyingine mara nyingi hupita siku tatu nne bila dawa, na kwa dawa kama venlafaksini au paroksetini hizo zinatosha kuleta kizunguzungu, kichefuchefu na hasira. Matarajio nayo yana nguvu. New Zealand iliwahamisha wagonjwa wa venlafaksini kwenye jenereki moja mwaka 2017. Ripoti za madhara ziliongezeka baada ya vyombo vya habari kulivalia njuga suala hilo mwaka 2018, hasa za dalili zilizotajwa kwenye taarifa hizo. Mateso ya watu hao yalikuwa ya kweli. Mfamasia anayempa mgonjwa pakiti huku akimwambia "hii ni ya kawaida tu" amemtia ugonjwa kwa mdomo wake, na jambo hilo sisi wa taaluma hii tunapaswa kuliacha.

Mara moja wagonjwa walilalamika na wakawa sahihi. Bupropioni ya kutolewa polepole ya miligramu 300, iliyouzwa Marekani kwa jina la Budeprion XL, ilikuwa imekubaliwa kwa kupima tu kidonge cha 150 na kudhani kwamba cha 300 kingefuata. FDA ilipokipima cha 300 chenyewe ilikuta hakilingani na orijino, na ikatangaza hivyo Oktoba 2012. Kisa hicho hutajwa kama ushahidi dhidi ya jenereki zote. Kilichoshindwa ni dhana kuhusu kidonge kimoja chenye utaratibu mgumu wa kuachilia dawa polepole. Funzo lake ni finyu lakini lina kazi: kwa dawa za kutolewa polepole, kama venlafaksini ya aina hiyo, ukishapata mtengenezaji anayekufaa usimbadilishe ovyo.

Na dawa feki? Hofu hiyo ina msingi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati takriban dawa 1 kati ya 10 haifikii kiwango au ni ya kughushi. Ila mghushi hufuata faida, na faida iko kwenye jina linalojulikana na bei kubwa. Tahadhari ya shirika hilo ya Juni 2024 ilihusu Ozempic ya kughushi iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, dawa ya jina kubwa mno. Kulipa zaidi hakukukingi. Kinachokukinga ni mahali unaponunua: duka lililosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, lenye namba ya usalama iliyobandikwa mahali pa kuonekana, ambayo unaweza kuithibitisha kwa ujumbe wa simu. Anayeuza vidonge vya sonona bila kuuliza cheti cha daktari ameshakuonyesha jinsi anavyofanya kazi.

Sasa ya kufanya. Mwambie daktari kabla hajaandika unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi, kisha uzidishe angalau mara kumi na mbili, kwa sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hutaka dawa iendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kutulia. Kama orijino haikai ndani ya hesabu hiyo, chagua jenereki leo, si mwezi wa pili. Kama una uwezo na unaipenda orijino, endelea nayo, haina ubaya. Jifunze jina la dawa lenyewe, lile dogo chini ya jina la biashara, uliandike kwenye daftari lako la kliniki, ili yeyote, awe Nakuru Level 5 au kituo cha kule Subukia, ajue unachotumia. Usimeze pakiti mbili zenye majina tofauti kabla ya kulinganisha jina hilo dogo. Wapo wanaomeza orijino asubuhi na jenereki yake jioni wakidhani ni dawa mbili, na hicho ni kipimo maradufu. Nunua kabla hujabakiwa na vidonge vya wiki moja. Ipe dawa wiki 4 hadi 6 kwenye kipimo kamili kabla ya kuihukumu, na usiiache ghafla hata ukijisikia mzima. Anayewaza kujiua asisubiri wiki hizo: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na vidonge vilivyomo nyumbani vishikwe na mtu mwingine. Ukishuku dawa yenyewe, irudishe dukani pamoja na pakiti yake na utaje nambari ya toleo. Bodi ina fomu ya waridi kwa dawa inayotiliwa shaka ubora wake na ya manjano kwa madhara, na mfamasia ndiye wa kukujazia, hapo hapo kwenye kaunta.