Faragha si Siri

Mfasiri afuataye maandishi ya Simson Garfinkel, mwandishi wa teknolojia wa Marekani, tangu kitabu alichoandika na Gene Spafford juu ya usalama wa Unix (1991) hadi Database Nation (2000), hana budi kutenganisha dhana mbili zinazokaribiana: siri na faragha.

Siri ni jambo lililofichwa lisijulikane. Faragha ni hali ya mtu kutoingiliwa katika mambo yake, naye ndiye aamuaye nani amkaribie.

Tuchukue mfano wa miaka hiyo. Mwaka 1990 kampuni ya Lotus, iliyotengeneza programu za biashara, ilitangaza kwamba ingeuza diski zenye taarifa za Wamarekani wapatao milioni 120: majina, anwani, makadirio ya mapato na mazoea ya ununuzi. Jina na anwani si siri. Jirani na tarishi huyajua hayo. Hata hivyo watu wapatao 30,000 walidai waondolewe, na Januari 1991 mpango ukafutwa. Kilichoingiliwa kilikuwa faragha, maana taarifa zilikusanywa ili ziuzwe bila ridhaa ya wenyewe.

Kwa hiyo aandikaye "haki ya siri" humfanya mwananchi aonekane ana la kuficha. Tuandike "haki ya faragha". Aidha, watayarishaji wa fomu za ofisi wakumbuke kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 hulinda taarifa za mtu, ziwe siri au zisiwe.