Sampo, Kikwanguo na Safari ya Oili Ndani ya Injini

Chini kabisa ya injini nyingi za magari kuna bakuli la bati au aluminiamu ambalo mafundi huliita sampo. Humo hukaa oili, kwa kawaida lita 4 au 5 katika gari dogo, na humo limechovywa bomba la pampu lenye chujio mdomoni. Pampu huinyonya oili, huisukuma kupitia filta hadi kwenye beringi za kranki, konrodi na kamishafti, kisha oili hudondoka yenyewe kurudi chini. Mzunguko huo wote unategemea sharti moja: mdomo wa bomba uwe umezama kwenye oili wakati wote injini inapozunguka. Ndiyo maana kijiti cha kupimia kinaweza kuonyesha oili imejaa sawasawa na bado injini ikafa kwa kukosa oili. Pampu hunyonya kile kilichopo mdomoni pake, kiwe oili au hewa.

Hewa kidogo tu yatosha kuleta hasara kubwa. Kati ya beringi na kranki mna nafasi ya takriban 0.05 mm, na ndani ya nafasi hiyo utando wa oili ndio unaobeba kishindo cha kila mlipuko wa silinda. Povu likiingia hapo, utando hukatika, chuma hukutana na chuma, na beringi huanza kuyeyuka. Kwa mwendo mkali, sekunde chache zatosha kuifanya injini inoki.

Oili huuhama mdomo wa bomba kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mwendo wa gari. Kwenye kona kali oili hukimbilia upande wa nje, kama chai inavyopanda ukingo wa kikombe ndani ya basi. Nguvu ya kona ikilingana na uzito wa gari, jambo ambalo matairi ya mashindano huliwezesha, uso wa oili huinama kwa nyuzi 45. Katika sampo pana isiyo na vizuizi, upande mmoja hubaki mkavu. Breki za ghafla huleta hali hiyohiyo kutoka nyuma kwenda mbele. Porsche 944 inajulikana sana kwa ugonjwa huu: ikikimbizwa viwanjani, beringi ya konrodi namba 2 ndiyo huharibika kwanza.

Sababu ya pili ni kranki yenyewe. Injini ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika, kranki huzunguka mara 100 kwa sekunde, na ukingo wa kizito cha mizani ulio sentimita 8 kutoka katikati hukimbia kiasi cha kilomita 180 kwa saa. Oili inayotoka kwenye beringi haipati nafasi ya kudondoka. Hunaswa na upepo wa kranki na kuizunguka kama uzi kwenye pia. Kranki hulazimika kuukokota mzigo huo, na hiyo ni nguvu isiyofika magurudumuni. Oili hupigwapigwa hadi ikachanganyika na hewa na kupata joto. Nyingine hurushwa kwenye kuta za silinda kwa wingi unaozishinda ringi za pistoni, na moshi wa buluu ukatoka nyuma. Zaidi ya hayo, oili iliyo angani haipo kwenye sampo inakohitajika.

Marekebisho ya sampo huanza na kuta za bati zinazochomelewa kulizunguka chujio ili kuunda kisanduku. Kuta hizo huwekewa vimlango vyenye bawaba vinavyofunguka kuelekea ndani tu: oili huingia kutoka pembeni, lakini gari likiinama upande wa pili vimlango hujifunga na kuizuia isitoke. Kazi hii ni ya gharama ndogo, na katika kuikinga injini dhidi ya kona hakuna inayoipita kwa faida. Sampo pia huweza kuongezwa kina ili uso wa oili uwe mbali na kranki, au kutanuliwa ubavuni, upande ambao kranki inapanda, ili oili inayorushwa ipate pa kutua. Umbali wa chujio kutoka sakafuni nao hupimwa, kwa kawaida milimita 6 hadi 12. Likiwa juu mno litavuta hewa. Likikaribia mno litakabwa.

Juu ya oili, chini ya kranki, hufungwa sinia la bati lenye matundu au wavu. Sinia huukinga uso wa oili na upepo wa kranki, huku likiruhusu matone yapite kwenda chini.

Kikwanguo hushughulikia oili ambayo tayari imenaswa na kranki. Ni bati la chuma lililokatwa kwa kufuata umbo la kranki na konrodi, likafungwa kati ya bloku na sampo. Ukingo wake hukaa milimita 1 au 2 tu kutoka kwa vyuma vinavyozunguka, ukiichota oili na kuielekeza chini. Kukisogeza karibu zaidi ni hatari, kwa sababu kranki hupinda kidogo na konrodi hurefuka injini inapokwenda kasi. Vipo vikwanguo vyenye ukingo wa plastiki ngumu kwa ajili ya kukaribia zaidi. Baada ya kukifunga, kranki huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili, na kila konrodi hukaguliwa. Bati hilo na gasketi yake ya ziada huishusha sampo kidogo, hivyo umbali wa chujio lazima upimwe upya. Hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia.

Faida ya kikwanguo huonekana zaidi kwenye mizunguko ya juu. Kwa gari la mjini linaloenda mizunguko 2,000, manufaa ni madogo.

Pale ambapo sampo ya kawaida haitoshi, huongezwa mtungi wa shinikizo unaohifadhi oili na kuisukuma ndani shinikizo likishuka, au hutumika mfumo wa sampo kavu. Katika mfumo huo pampu za ziada huikomba oili yote chini ya kranki na kuipeleka kwenye tangi refu la pembeni, ambako hewa hutengana nayo. Sampo huwa fupi na injini hukaa chini zaidi. Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ilikuwa nao, na Porsche 911 pia tangu ilipoanza kutengenezwa mwaka 1964.

Gari la kawaida halihitaji hayo yote, lakini sheria zake ni zilezile. Oili ikijazwa kupita alama ya juu, kranki inaweza kuifikia na kuipiga povu. Silikoni ikipakwa kwa wingi wakati wa kufunga sampo, vipande vyake hung'oka na kuziba chujio. Na sampo iliyogongwa na jiwe au tuta, hata kama haivuji, hubonyea kuelekea mdomo wa bomba. Bonyeo la sentimita moja linaweza kuliziba chujio kabisa.