Moto wa Leo Huandaliwa Jana

Akiba haiozi, walisema wahenga. Msemo huo huelekezwa zaidi kwenye nafaka ghalani na fedha mfukoni, lakini wafaa vile vile kwa kitu ambacho watu wengi hawakihesabu kuwa ni mali: kitita cha majani makavu, maganda ya miti na nyuzi za kuwashia moto.

Yafaa kuitazama alfajiri ya mwezi wa Aprili katika milima ya Mugamba, nchini Burundi, ambako ardhi imeinuka kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua imenyesha usiku kucha na ukungu haujaondoka. Watoto wanangoja uji kabla ya kwenda shule. Mama amezipanga kuni katikati ya mafiga. Amewasha kijiti cha kwanza cha kiberiti, cha pili, hata cha tano, wala hakuna kitokacho ila moshi. Hapo ndipo mkono unaponyooka kuifuata chupa ya mafuta ya taa.

Chupa hiyo imeleta misiba katika nyumba nyingi. Mafuta yakimiminwa juu ya kuni ambazo chini yake mmejificha kaa hai, hugeuka mvuke, na mvuke huo ukilipuka, ulimi wa moto huweza kurudi hadi kwenye chupa iliyo mkononi. Hatari huzidi pale mafuta ya taa yanapokuwa yamechanganywa na petroli, maana petroli hutoa mvuke hata pasipo joto la moto, na mnunuzi hawezi siku zote kuutambua mchanganyiko huo kwa macho. Tena, mafuta yakiwekwa katika chupa ya soda, mtoto mwenye kiu huweza kuyanywa akidhani ni kinywaji. Nao wale wanaowasha moto kwa vipande vya plastiki huikaribisha jikoni sumu nyingine, ile ya moshi.

Dawa ya mambo hayo haiuzwi dukani. Imo shambani na kando ya njia, nayo yataka kitu kimoja tu: kuandaliwa mapema.

KWA NINI KUNI HUKATAA KUWAKA

Mti uliokatwa leo huweza kuwa na maji yaliyo karibu nusu ya uzito wake. Maji hayo hayana budi kuondoka kwanza kwa njia ya mvuke, na kazi hiyo hula joto lote la kijiti cha kiberiti. Hata ukuni mkavu hauwaki wenyewe kwanza. Kinachowaka ni hewa zitokazo ndani yake unapopata joto jingi, lipatalo nyuzi 250 na zaidi. Kijiti kimoja cha kiberiti hakiwezi kuupasha ukuni mnene joto la namna hiyo. Chaweza, hata hivyo, kuupasha uzi mwembamba kuliko unywele.

Kwa hiyo moto hujengwa kwa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni kiwashio, yaani kitu laini na kikavu kinachoshika moto mara moja. Ya pili ni vijiti na vibanzi, kuanzia unene wa njiti ya kiberiti hadi unene wa kalamu. Ya tatu ndiyo kuni zenyewe. Anayeiruka ngazi ya kwanza au ya pili ndiye anayeishia kuitafuta chupa.

VIWASHIO VILIVYO KARIBU

Milimani, mkaratusi huambua maganda yake wenyewe. Maganda hayo huokotwa chini, wala haifai kuuchuna mti ulio hai. Majani ya mgomba yaliyokauka yakingali juu ya mti, pamoja na ngozi kavu za shina lake, hufaa sana yakichanwa nyuzi nyuzi. Penye misonobari, visiki vya zamani huwa na sehemu nyekundu iliyojaa utomvu. Sehemu hiyo huchongwa vibanzi vinavyowaka hata hewa ikiwa na unyevu. Moshi wake una masizi, basi chungu kisitelekwe mpaka vibanzi vimekwisha kuwaka.

Katika bonde la Imbo, walimao pamba hupata mabaki yasiyofaa kuuzwa. Huko Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, kuna michikichi. Na nyuzi zinazobaki baada ya kukamuliwa mawese bado zina mafuta kidogo ndani yake. Zikianikwa, huwaka kwa nguvu na kwa muda. Wakaao pwani ya bahari wanayo makumbi ya nazi, ambayo hupondwa na kufikichwa mpaka yatoe nyuzi laini.

Mmea mmoja uepukwe: mnyaa, ule upandwao kuwa ua wa boma. Maziwa yake huunguza macho vibaya, na kuuvunja kwa ajili ya moto ni kuyatafuta madhara.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Kazi hii hufanywa wakati wa kiangazi, miezi ya Juni hadi Agosti, kabla mvua hazijarudi.

Kwanza, viwashio huanikwa juani siku mbili au tatu juu ya mkeka au jamvi, si juu ya udongo, kwa kuwa udongo hurudisha unyevu. Huanuliwa kabla ya umande wa jioni.

Pili, hufikichwa kwa viganja au kupondwa polepole kwa mchi mpaka vilegee. Kadiri nyuzi zinavyokuwa nyembamba na kuachana, ndivyo hewa inavyopita na moto unavyoshika upesi.

Tatu, sehemu ya viwashio hutiwa nta ili vistahimili mvua. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo haiwekwi juu ya moto mtupu, isije ikawaka. Huwekwa katika kopo, na kopo likatiwa ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Mabaki ya mishumaa nayo yafaa. Nyuzi huviringwa ziwe vidonge vya ukubwa wa yai la kuku, kisha kila kidonge huchovywa nusu tu. Nusu isiyo na nta hupokea moto upesi. Nusu yenye nta huufanya udumu dakika kadhaa, muda unaotosha vijiti kushika.

Nne, viwashio huhifadhiwa. Vile visivyotiwa nta hukaa vizuri juu ya uchaga ulio juu ya jiko, mahali ambapo joto na moshi wa kila siku huvikausha, lakini mbali na ndimi za moto. Vyenye nta huwekwa ndani ya kopo lenye kifuniko, mahali pa baridi, pasipofikiwa na watoto.

KWA MCHUNGAJI NA MVUVI

Mtu aliye mbali na nyumbani huweza kuloa pamoja na kiberiti chake. Kwa ajili yake iko njia nyingine, ya kitambaa kilichofanywa makaa. Vipande vya nguo kuukuu ya pamba tupu hutiwa katika kopo dogo la bati lenye kifuniko, nacho kifuniko hutobolewa tundu moja dogo kwa msumari. Kopo huwekwa juu ya makaa mahali pa wazi. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, kopo huondolewa na kuachwa lipoe kabisa kabla ya kufunguliwa, kwani hewa ikiingia mapema kitambaa kitateketea chote. Kitambaa kilichofaulu ni cheusi na hakijawa majivu. Cheche moja itokanayo na jiwe gumu lenye makali, likipigwa kwenye ubavu wa tupa kuukuu, hutosha kukifanya kiwe kaa. Kaa hilo huwekwa katika kiota cha nyasi zilizofikichwa, kisha hupulizwa taratibu mpaka ndimi zitokee.

Maarifa ya namna hiyo si ya jana. Mwaka 1991, katika barafu ya milima ya Alps mpakani mwa Austria na Italia, uligunduliwa mwili wa mtu aliyeishi yapata miaka 5,300 iliyopita. Mkobani mwake alikuwa na uyoga mkavu wa mtini ambao watu wa Ulaya waliutumia kushika cheche, na alikuwa na chombo cha ganda la mti chenye makaa yaliyofungwa kwa majani mabichi. Alitembea na moto wake, sawasawa na vile mtoto wa vijijini alivyotumwa kwa jirani kuomba kaa la moto akalirudisha ndani ya kigae. Kiberiti cha kusugua kilianza kuuzwa mwaka 1827 tu, na John Walker wa Uingereza. Kabla ya hapo, kote duniani, aliyekosa kiwashio kikavu alilala na baridi.

KUUPANGA NA KUUZIMA

Ardhi ikiwa imelowa, hutandikwa kwanza vijiti vya unene wa kidole gumba, na kiwashio huwekwa juu yake. Vijiti vyembamba huegemezwa vikikutana juu, nafasi ikiachwa upande unakotoka upepo. Moto hutiwa chini, upande huo huo, maana moto hupanda. Kuni nene huongezwa moja moja, baada ya vijiti kuwaka.

Moto wa nje haupaswi kuachwa wenyewe. Humwagiwa maji, majivu yakakorogwa, yakamwagiwa tena, mpaka yasiwe na joto. Wakati wa kiangazi kaa moja lililosahauliwa huweza kuteketeza mlima mzima.

Na ikiwa mtu ameungua, sehemu iliyoungua ipozwe kwa maji safi yanayotiririka muda wa dakika 20, ifunikwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Asipakwe samli, dawa ya meno wala majivu.

Mama wa Mugamba aliyeweka vidonge vyake tangu Julai haihitaji chupa asubuhi ya Aprili. Huteremsha kimoja, hukiweka chini ya vibanzi, hutumia kijiti kimoja cha kiberiti, na uji huiva kabla kengele ya shule haijalia.