Maziwa Hayaoshi Kidonge

"Nikishushia na maziwa, sumu yake si itapungua?" Wiki iliyopita nimeulizwa hivyo mara tatu, na aliyeuliza mara ya tatu alikuwa na pakiti ya nusu lita mkononi, bado ya baridi. Nilikuwa nimemkabidhi bahasha ya amitriptilini, dawa ya sonona, vidonge vya miligramu 25, kimoja kila usiku kwa kuanzia, kama cheti chake kilivyosema. Nikamjibu kwamba hapana, haipungui. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza kijana asiyejua mambo ya wazee, akatoka. Kupitia dirishani nikamwona akitoboa pakiti kwa meno na kuanza kunywa. Kidonge chenyewe hakijamezwa, kinga imeshatangulia.

Basi naandika. Huenda karatasi ikasikilizwa kuliko mimi.

Kidonge kikishayeyuka, dawa inapenya ukuta wa utumbo, inaingia kwenye damu, inapita kwenye ini, halafu sehemu yake kubwa inaihama damu na kwenda kujikita kwenye ubongo, moyo, mapafu na mafuta ya mwili. Kinachobaki kwenye damu ni kidogo mno. Ndiyo maana mtu akizidisha dozi ya dawa hii, hata mashine ya kusafishia damu, ile ya wagonjwa wa figo, haifui dafu: inaosha damu wakati dawa haimo kwenye damu. Sasa niambie, pale mashine ya mamilioni iliposhindwa, maziwa ambayo safari yake inaishia utumboni yatafika vipi? Mwenye kazi ya kuitoa amitriptilini ni ini. Linaibadili kwanza kuwa nortriptilini, ambayo nayo ni dawa kamili, kisha mabaki yanatoka taratibu, mengi kwa mkojo. Saa 24 baada ya kumeza, sehemu nzuri ya dozi bado imo mwilini. Hilo si kosa la dawa. Ndilo linalokuwezesha kumeza mara moja tu kwa siku.

Najua imani hii ilikotoka. Fundi anayepuliza rangi gereji anaambiwa anywe maziwa, mchomelea vyuma vilevile, na anayepuliza dawa kwenye mimea anawekewa chupa yake kabisa pembeni ya shamba. Moshi na mvuke vinaingia mapafuni, maziwa yanaingia tumboni, na baina yao hakuna hata kichochoro. Mtoto akinywa mafuta ya taa, jirani anakuja mbio na kikombe. Mtoto anatapika, na yale mafuta yakipanda yanaweza kuteleza hadi mapafuni, mahali ambapo ndipo yanapoua. Hapo kikombe cha huruma kimeongeza hatari.

Wala si kwamba maziwa hayana la kufanya mbele ya dawa. Yanafanya, ila si hilo. Ukiyanywa pamoja na tetrasaiklini au siprofloksasini, madini ya kalsiamu yanaing'ang'ania dawa utumboni na kiasi kikubwa kinatoka chooni bila kufanya kazi. Mgonjwa haponi, analaumu duka. Ukiyanywa na mseto wa malaria, yaani ALu, mambo yanageuka: lumefantrini inahitaji mafuta ili ipenye, na katika vipimo vya watu wenye afya chakula chenye mafuta mengi kiliongeza kiasi kinachoingia kwenye damu hadi mara 16 kuliko tumbo tupu. Ndiyo sababu tunawaambia wameze mseto na chakula au maziwa. Kwa hiyo yule anayenywa maziwa "kupunguza makali" ya mseto anayaongeza, na kwa bahati yake njema anatibiwa vizuri zaidi bila kujua. Na amitriptilini? Haina habari nayo. Imeze kwa maji, kwa chai, kwa maziwa, yote sawa.

"Lakini mimi naona yananisaidia." Nalijua hili pia, na ushahidi wake huwa ni wa chooni. Mama mmoja alinieleza kwamba tangu aanze vidonge alikaa siku nne bila kupata choo, akanywa maziwa lita nzima, na kabla ya saa tatu kupita tumbo likafunguka lote. "Sumu ikatoka," akasema, na nilimwona amefarijika kweli. Sikutaka kumvunja moyo, lakini ile haikuwa sumu. Ilikuwa ugali wa juzi. Amitriptilini hufunga choo, hilo ni miongoni mwa maudhi yake yanayojulikana sana. Na watu wazima wengi kwetu, hasa tusiotoka katika jamii za wafugaji, miili yetu imeacha kutengeneza kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Lita moja kwa mpigo itatuharisha hata kama hatujawahi kukiona kidonge. Matatizo mawili yakakutana tumboni, yakaitwa tiba.

Kinachonikera zaidi ni hilo neno sumu. Mbona hakuna anayeuliza dirishani kwangu jinsi ya kusafisha mwili baada ya dawa ya presha? Ni vidonge vya sonona tu, kwa kuwa watu wanaviita "dawa za Mirembe", kwa jina la hospitali ya wagonjwa wa akili, na kumwangalia anayevimeza kwa jicho la pembeni. Anayeamini anameza sumu atameza leo na kuacha kesho ili mwili upumzike. Anayeamini ana cha kuikata hiyo sumu atameza viwili usiku aliozidiwa, au atakunywa bia mbili juu yake, kisha maziwa ya kufuta dhambi. Pombe na amitriptilini zote mbili zinalaza ubongo. Maziwa hayaamui ugomvi huo.

Na kuna ile nyumba ambayo mtoto ameviokota vidonge akidhani ni pipi, au mtu mzima amevimeza vingi kwa makusudi. Watu wanamnywesha maziwa na kusubiri waone. Msisubiri. Amitriptilini ikizidi inavuruga umeme wa moyo na inaweza kuleta degedege, na mtu anayeonekana mzima saa hii anaweza kuzimia baadaye. Hospitali mara moja, pakiti ya dawa mkononi, bila kumtapisha. Kule wana kipimo cha umeme wa moyo na dawa za kuutuliza. Vidonge vikae kabatini kwa kufuli, na kama mgonjwa amewahi kuwa na mawazo ya kujiua, avitunze mtu mwingine na apewe vya siku chache chache.

Sasa maudhi yenyewe, ambayo yapo kweli. Ni dawa ya zamani, iliidhinishwa Marekani mwaka 1961, na haichagui vizuri inapogusa: inabana pia mishipa ya fahamu inayotoa mate, inayosukuma choo na inayokikamua kibofu. Ubaya wake ni kwamba maudhi huanza usiku wa kwanza, nafuu ya sonona huanza wiki ya pili hadi ya nne. Wengi wanakata tamaa katikati hapo, wakati gharama wameshalipa na mzigo haujafika.

Haraka haraka, basi. Usingizi: meza saa moja au mbili kabla ya kulala, na usiendeshe bodaboda wala mashine mpaka ujue inavyokuchukua. Kinywa kikavu: maji kidogo kidogo, piga mswaki, acha soda, maana meno yasiyo na mate huoza. Choo: maji, papai, mboga za majani, kutembea, siku ya nne bila choo njoo upewe dawa ya kulainisha. Kizunguzungu: kaa kwanza kitandani, kisha simama, hasa mzee. Mwenye tezi dume iliyovimba, presha ya macho, ugonjwa wa moyo au kifafa aseme kabla hajaandikiwa. Ukiugua malaria tumia mseto, lakini mwambie anayekuhudumia kuhusu vidonge vyako, kwa sababu lumefantrini inaweza kubana njia ya ini inayoitoa amitriptilini, na moyo unahitaji kuangaliwa. Tramadoli usijinunulie. Dozi ikikupita, iache, usimeze mbili kesho. Mjamzito asiache ghafla kwa hofu. Aende kliniki akaulize. Maudhi yakikushinda, ipo fluoksetini, inayomezwa asubuhi na haikaushi sana, ingawa inaweza kuleta kichefuchefu, kukosa usingizi na kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Kubadilisha ni kazi ya daktari, usichanganye mwenyewe.

Mkojo ukigoma kutoka, jicho likiuma na kuona ukungu, moyo ukienda mbio au ukizimia, au ukijikuta hulali siku tatu na bado una nguvu za kununua mtaa mzima, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mawazo ya kufa yakizidi. Kwa walio chini ya miaka 25 familia iwe macho hasa katika wiki za mwanzo na dozi inapobadilishwa. Ni onyo zito ambalo Marekani iliwawekea watoto mwaka 2004, ikaliongeza hadi vijana wa miaka 24 mwaka 2007.

Kuacha? Ukishapona, endelea miezi 9 hadi 12, kisha dozi ishushwe taratibu kwa wiki nne au zaidi. Ukikata ghafla unaweza kupata kichefuchefu, maumivu ya kichwa na usiku wa kugaagaa. Si uteja huo. Mwili ulizoea na haukuagwa.

Yule wa pakiti anarudi Jumatatu kupimwa presha, akiwa amelala kisha akiwa amesimama. Juu ya bahasha yake nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu: USIKU, KIMOJA, MAJI.