Kuchenjua Linux Kiabakari

Wanangu, mtoto wa Kiabakari hahitaji kufundishwa kwamba dhahabu haitoki ardhini ikiwa pete. Hutoka jiwe. Jiwe hupelekwa karasha likasagwa, unga ukachenjuliwa, na mwisho kabisa ndipo sonara apate cha kufua. Anayenunua pete dukani huona mng'ao tu. Mchimbaji anajua kilichopita katikati.

Programu za kompyuta nazo zina jiwe lake. Huitwa msimbo chanzo: maandishi ambayo mtu aliketi akayaandika mstari kwa mstari, na mtu mwingine anaweza kuyasoma. Kompyuta haiyaelewi yalivyo. Ni lazima yapite kwenye programu nyingine, kompaila, iyageuze kuwa amri za tarakimu ambazo prosesa inazitekeleza. Ila hapa tumewazidi wachimbaji: jiwe ukishalisaga limekwisha, lakini msimbo utausaga mara elfu na bado uko palepale.

Wengi wetu tunapewa pete. Hata matoleo mengi ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, Ubuntu likiwemo, huja yakiwa yamekwisha kusagwa na wengine. Lakini lipo toleo liitwalo Gentoo, ambalo hukuletea mawe na karasha, kisha likakuuliza unataka nini.

Linux yenyewe ilianza mwaka 1991, pale Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Finland, alipoweka kazi yake wazi ili yeyote aisome na kuibadilisha. Uwazi wa namna hiyo ndio uliowawezesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kuchukua msimbo wa OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, wakaupa Kiswahili. Mwaka 2004 ikatoka Jambo OpenOffice. Gentoo ilianzishwa na Daniel Robbins, na toleo lake la 1.0 likatoka Machi 2002. Jina ni la pengwini mmoja, muogeleaji mwenye kasi kuliko pengwini wenzake wote. Kwa sababu ya jina hilo watu walishikilia kwamba faida ya Gentoo ni mwendo. Mimi sishawishiki. Kwenye mashine nyingi tofauti ya mwendo utaitafuta kwa tochi. Faida ni kuchagua.

Sasa tumchukue msichana mmoja wa Kiabakari (ni wa hadithi, msimtafute) aliyepewa na mjomba wake kompyuta mpakato ya mtumba yenye gigabaiti 4 za RAM. Ameweka kianzishi cha Gentoo kwenye flashi, amewasha mashine kutoka humo, ameigawa diski, na sasa anafungua furushi liitwalo stage3. Hapo akasimama.

"Mjomba, kompaila nayo si ni programu?"

"Ni programu."

"Basi nayo ilisagwa. Nani aliyeisaga?"

Mjomba akacheka, kwa sababu hilo ndilo swali lenyewe. Kompaila inayotumika sana kwenye Linux ni GCC, aliyoitoa Richard Stallman mwaka 1987, na GCC ya leo husagwa na GCC iliyotangulia, nayo na iliyoitangulia. Ukirudi nyuma kabisa utawakuta watu walioandika amri za mashine kwa mkono, tarakimu kwa tarakimu. Ili usirudi safari hiyo yote, stage3 inakuja na kompaila iliyokwisha kusagwa, pamoja na mfumo mdogo unaotosha kuanzia. Zamani mwanafunzi wa Gentoo angeweza kuanzia chini zaidi, stage1, aijenge hata hiyo kompaila. Msianzie huko.

Baada ya kuingia ndani ya mfumo huo mdogo, msichana alifungua faili liitwalo make.conf. Humo kuna mstari wa USE, na ndio moyo wa jambo. Akiandika bluetooth, programu zinazoweza kutumia bluetooth zitajengwa nayo. Akitanguliza alama ya kutoa, zitajengwa bila hiyo, kana kwamba haikuwahi kuwepo. Mstari wa L10N ni wa lugha: akiandika sw, programu zinazoufuata na zenye tafsiri zitakuja na Kiswahili. Mstari wa MAKEOPTS unasema kazi ngapi zifanywe kwa pamoja. Kila kazi ihesabie gigabaiti 2 za RAM. Kwa hiyo yeye aliandika -j2 akatulia. Mwenye pupa huandika -j8, mashine ikaganda.

Kerneli, yaani kiini cha Linux, alichukua iliyokwisha kusagwa, maana ya kujijengea inaweza kungoja. Akaweka kwenye diski kianzishi, programu inayoiwasha kerneli, akazima, akawasha.

Shida za Kiabakari ni bando na umeme, na zote zina dawa. Amri ya kusakinisha ni emerge. Ukiiongezea --pretend, inakuonyesha orodha ya vitakavyojengwa bila kugusa kitu. Ukiiongezea --fetchonly, inashusha msimbo tu. Hivyo msichana alibeba mashine hadi Musoma kwenye intaneti nzuri, akashusha vyote, akaja kusaga nyumbani bila bando. Umeme ukikatika na betri ikaisha, programu zilizokamilika haziguswi. Ile iliyokuwa katikati huanza upya kwa emerge --resume. Kabla ya kazi ndefu alipuliza vumbi kwenye feni, kwani prosesa inayosaga saa nyingi hupata joto kweli.

Vivinjari vya intaneti ni habari nyingine. Chromium kwenye mashine kama ile inaweza kula mchana na usiku. Tangu Desemba 2023 Gentoo hutoa pia vifurushi vilivyosagwa tayari, ukitaka. Wapo wakongwe watakaonuna mkivitumia. Waacheni wanune. Sageni vidogo, mjifunze. Vikubwa vichukueni vikiwa tayari.

Na msiisahau mashine. Gentoo haina toleo jipya la kusubiri kila mwaka. Inasasishwa kidogo kidogo, kwa emerge --sync kwanza, kisha kwa amri ya kusasisha kila kitu, ambacho Gentoo inakiita @world, ulimwengu. Fanyeni hivyo kila wiki mbili tatu. Ukiuacha ulimwengu mwaka mzima ndipo ukumbuke kuusasisha, andaa chai nyingi na ufute ratiba ya Jumamosi.