Wali wa kukaanga nyumbani: Siri ya kiporo na hatari yake

WALI wa kukaanga ni miongoni mwa vyakula vya Asia vinavyopendwa na wakazi wa miji yetu, na si wachache waliojaribu kuupika nyumbani wakaishia kupata kitu kinachofanana na bokoboko lililotiwa sosi ya soya.

Mara nyingi tatizo haliko kwenye viungo wala mkononi mwa mpishi. Liko kwenye wali wenyewe, uliotolewa jikoni muda huo huo ukiwa bado unafuka mvuke.

Punje ya mchele imejaa wanga. Wali unapochemka, wanga hunywa maji, huvimba na kulainika, na sehemu yake hutoka nje ya punje ikawa kama gundi. Wali wa namna hiyo ukitiwa katika mafuta ya moto, punje hushikana na chakula huchemka kwa maji yake badala ya kukaangika. Ukiachwa upoe kwa saa kadhaa, wanga hujipanga upya na kukaza, unyevu wa juu hupungua, na kila punje husimama peke yake.

Ndiyo maana wapishi wa China na Indonesia hupendelea wali uliolala, yaani kiporo. Nasi goreng, jina linalotumika Indonesia na Malaysia, maana yake ni wali wa kukaanga tu, na katika nyumba nyingi za huko huliwa asubuhi kutokana na masalio ya jana. Mwaka 2018 Wizara ya Utalii ya Indonesia ilikitaja chakula hicho kuwa miongoni mwa vyakula vitano vya taifa. Mtu wa pwani aliyezoea kunywa chai kwa kiporo cha wali hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo maelezo mengi ya mapishi hulipita haraka mno, nalo ni mahali kiporo hicho kilipolala.

Katika mchele mbichi hupatikana bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye asili yake ni udongoni. Anapobanwa na mazingira magumu, hujigeuza kuwa kitu mfano wa mbegu yenye ganda gumu, ambayo wataalamu huiita spora. Spora hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiiva na kuachwa katika joto la kawaida la jikoni, spora huamka, bakteria huanza kuzaliana, na baadhi yao hutoa sumu ndani ya chakula.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba chakula kikipashwa moto hadi kitoe mvuke kimekwisha salimika. Kwa sumu hii sivyo, kwani imethibitika kuvumilia joto la nyuzi 121 za Sentigredi kwa dakika 90, joto ambalo hakuna sufuria ya kawaida inayolifikia. Isitoshe, haina harufu ya kumwonya mlaji.

Madhara yake yalijulikana vyema nchini Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale visa kadhaa vya watu kutapika vilipofuatiliwa hadi kwenye wali wa kukaanga wa mikahawa ya Kichina. Wali ulikuwa ukichemshwa kwa wingi na kuachwa nje ya jokofu usiku kucha, kwa hofu kwamba baridi ingezigandanisha punje.

Kutapika huanza kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Aina ya pili ya ugonjwa huo huleta kuhara na msokoto wa tumbo, na kwa kawaida huanza baada ya saa sita hadi 15. Wagonjwa wengi hupona ndani ya siku moja, lakini si wote. Mwaka 2008 nchini Ubelgiji, kijana wa miaka 20 alifariki dunia baada ya kula tambi zilizokaa nje ya jokofu kwa siku tano.

Kupata wali mkavu bila kujihatarisha si kazi kubwa. Osha mchele hadi maji yawe meupe, uupike kwa maji pungufu kidogo ya ulivyozoea, bila tui, kwa kuwa wali wa nazi hunata na huchacha upesi. Ukiiva, umwage kwenye sinia na kuutandaza uwe mwembamba. Ndani ya saa moja uwe umeingia jokofuni katika chombo kipana. Usiusukume ndani na sufuria yake, kwani katikati ya sufuria joto hukaa saa nyingi. Utumike ndani ya siku moja. Umeme ukikatika usiku kucha, wali huo si wa kukaangwa tena.

Asiye na jokofu apike siku hiyo hiyo, autandaze chini ya feni kwa nusu saa, kisha aukaange papo hapo. Hautakuwa mkavu kama uliolala, lakini utakuwa mbali na bokoboko.

Chombo kifaacho ni karai, hata lile la kukaangia mandazi. Wapishi wa Canton husifu kile wanachokiita pumzi ya karai, yaani ile harufu ya moshi inayotokana na moto mkali. Jiko dogo la gesi halina moto huo, hivyo kaanga sahani mbili kwa mara moja, si zaidi. Kwa maoni yangu, jiko la mkaa lililokolea hufanya kazi hii vizuri zaidi.

Anza na mayai, uyavuruge na kuyatoa. Tia kitunguu, kitunguu saumu, karoti na njegere, kisha kuku au kamba waliokwisha iva. Vunja mabonge ya wali kwa vidole, uutie, na uuache ushike moto kabla ya kugeuza. Sosi ya soya imiminwe pembeni mwa karai, kijiko kimoja tu, na uonje kabla ya kufikiria chumvi. Rudisha mayai, malizia kwa majani ya vitunguu.

Anayetaka ladha ya Indonesia aongeze pilipili na sukari guru kidogo kwenye sosi. Wenyewe hutia pia terasi, ambayo ni uduvi uliochachushwa na kusagwa. Uduvi mkavu wa sokoni kwetu, ukisagwa na kukaangwa pamoja na kitunguu, hauna makali yale, ila harufu ya bahari ipo. Juu huwekwa yai la kukaanga na vipande vya tango.

Pika unaotosha watu waliopo, kwa kuwa wali huu ukibaki haurudishwi jokofuni kungoja kupashwa moto mara nyingine.