Maua Yaliyokuja bila Wosia: Kuchagua Rangi kwa Usalama katika Bustani ya Nyumbani

Tabora ni mji wa mimea iliyosafiri. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, njia ya misafara iliyounganisha pwani na Ujiji ilikuwa imekwisha kuzoeleka. Ilipitisha nguo, shanga, pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani. Ilipitisha na mbegu pia. Miembe mikongwe inayotoa kivuli mjini hadi leo ni urithi wa njia hiyo. Anayepanda maua leo katika uwanja wa nyumba yake Kanyenye anaendeleza desturi hiyo hiyo ya kupokea mimea ya mbali na kuifanya ya nyumbani.

Karibu kila ua lenye rangi kali linalouzwa na wauza miche lina asili ya ugenini. Bogonvilia ilitoka Amerika ya Kusini, zinia na kosmosi zilitoka Meksiko, vinka ilitoka Madagaska, na oleanda ilitoka nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania. Maua haya yalikuja na uzuri wake, lakini mara nyingi hayakuja na maonyo yake. Mnyaa, ambao ni mmea wa Afrika, una wosia: wazee huwakataza watoto kuchezea utomvu wake mweupe kwa kuwa huunguza macho, na tiba ya kisasa inawaunga mkono, kwani utomvu huo huweza kujeruhi kioo cha jicho na kudhoofisha uoni. Ua la kigeni halina mzee wa kulisemea. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye bustani lisiwe rangi gani inapendeza, bali ni nani atakayeishi na ua hilo.

Mtoto mdogo huvutwa na rangi, na kila kinachomvutia hukipeleka kinywani. Katika nyumba yenye watoto, oleanda haifai kupandwa. Hutambulika kwa majani marefu membamba, yanayoota aghalabu matatumatatu kwenye kifundo kimoja, na maua ya waridi, meupe au mekundu. Sehemu zake zote zina kemikali zinazofanya kazi kama digoksini, dawa ya moyo, lakini kwa kiasi kisichopimika. Jamaa yake mwenye maua ya manjano, *Cascabela thevetia*, ambaye hupandwa sana kuwa ua wa kuzunguka nyumba, ana sumu ya aina hiyo hiyo, na iliyo kali zaidi imo ndani ya mbegu. Nchini Sri Lanka mbegu hizo zimewalaza hospitalini maelfu ya watu.

Mimea mingine mitatu inastahili tahadhari. Wa kwanza ni brugmansia, mwenye maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, pamoja na ndugu yake mnanaha. Wa pili ni mbarika, ambao baadhi ya watu huupanda kwa ajili ya majani yake mekundu. Mbegu zake zikitafunwa hutoa sumu iitwayo risini. Wa tatu ni mbono, unaotumika kuzungushia nyumba. Mbegu zake zina ladha inayofanana na karanga, na ndiyo sababu watoto huzila kwa wingi kabla ya kuanza kutapika na kuharisha.

Vinka yahitaji maelezo ya peke yake. Katika ua hili dogo la waridi au jeupe wanasayansi walipata, katika miaka ya 1950, vinblastini, na baadaye vinkristini, dawa ambayo hadi leo hutibu saratani ya damu kwa watoto. Sifa hiyo imewafanya baadhi ya wagonjwa, hasa wenye kisukari, kuchemsha majani yake na kuyanywa. Hilo ni kosa la hatari. Dawa ya hospitali husafishwa, hupimwa kwa miligramu na hutolewa chini ya uangalizi. Kikombe cha majani hakina kipimo, na huweza kudhuru neva na uboho unaotengeneza damu. Vinka ipandwe kwa kutazamwa, mbali na mikono ya watoto, na isiingie jikoni.

Orodha ya maua yasiyo na hatari kubwa bado ni ndefu. Zinia, kosmosi, alizeti, haibiskasi, waridi na yasmini hukidhi macho bila kuacha hofu. Zinia na kosmosi hustahimili vyema udongo wa kichanga wa Tabora ukichanganywa na samadi iliyooza vizuri. Mbegu zipandwe mvua zinapoanza, kati ya Novemba na Desemba, mahali penye jua la saa sita au zaidi kwa siku, na miche ipunguzwe hadi ibaki na nafasi ya sentimita 30 hivi. Baada ya takriban miezi miwili maua ya kwanza hufunguka, na kadiri yanavyokatwa ndivyo mengine yanavyochipua. Maji yamwagwe asubuhi kwenye shina, kwa sababu majani ya zinia yanayolala na unyevu hushikwa na ukungu mweupe.

Wakati wa kiangazi kirefu, kuanzia Mei hadi Oktoba, bogonvilia ndiyo mwenzi mwaminifu. Ile rangi inayodhaniwa kuwa petali ni majani yaliyobadilika, yakizunguka ua dogo jeupe, na hukolea zaidi mmea unapopata jua kali na maji kidogo. Miiba yake huihitaji glavu, na chanjo ya pepopunda iwe haijapitwa na wakati kwa kila anayeshika udongo na samadi. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni asiingie bustanini bila viatu vilivyofunika vidole, kwani mwiba asiousikia leo waweza kuwa kidonda kisichopona.

Wazee nao wana haki yao katika uchaguzi wa rangi. Lenzi ya jicho hugeuka manjano kadiri umri unavyosonga, na rangi za buluu na zambarau hufifia mbele ya macho yao. Maua ya manjano, ya machungwa na mekundu huonekana kwao kwa urahisi zaidi. Yakipandwa pembeni mwa ngazi au njia ya kwenda chooni, humwonyesha mzee mwisho wa njia na kumsaidia asijikwae. Mwenye pumu pia asiogope kila ua. Maua ya rangi kali kwa kawaida huchavushwa na nyuki, na chavua yake ni nzito, haipeperuki ovyo. Kinachomsumbua zaidi mara nyingi ni harufu kali, hivyo yasmini isipandwe chini ya dirisha la chumba chake.

Vyungu na matairi chakavu yanayogeuzwa kuwa vitalu yasituame maji. Mbu aina ya *Aedes*, anayeeneza homa ya dengi iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga katika vyombo vidogo kama hivyo. Visahani vya chini ya vyungu vimwagwe na kusuguliwa kila wiki, kwa kuwa mayai yake huganda kwenye kuta na huvumilia ukavu kwa miezi. Maji ya tumbaku, ambayo baadhi ya wakulima huyanyunyiza kuua wadudu, nayo yaachwe, maana nikotini hupenya ngozi.

Ikitokea mtoto ametafuna mmea, mabaki yatolewe kinywani na kinywa kisukutuliwe. Asitapishwe, wala asipewe mafuta, chumvi au maziwa kwa imani kwamba yataua sumu. Utomvu ukiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15. Kisha apelekwe kituo cha afya bila kungoja dalili, pamoja na tawi lenye jani, ua na tunda la mmea wenyewe.

Kwa mtoa huduma, tawi hilo lina thamani kubwa. Kutapika pamoja na mapigo ya moyo ya polepole au yasiyo na mpangilio kunaashiria oleanda. Mgonjwa huyo ahitaji kipimo cha umeme wa moyo, kiwango cha potasiamu na rufaa ya mapema. Mboni zilizopanuka, kinywa kikavu, ngozi ya moto na kuweweseka ni picha ya mnanaha au brugmansia. Katika mkoa wenye malaria, mtoto wa namna hii huweza kuanzishiwa dawa za malaria kwa mazoea, au kupelekwa kwa mganga kwa dhana kwamba amerogwa. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini swali la mimea ya nyumbani liulizwe pia. Aliyekula mbono au mbarika huhitaji zaidi kurudishiwa maji na kuangaliwa kwa karibu.

Hatua ya kuanzia haina gharama. Anayenunua mche aulize jina lake na asiondoke bila kulipata, kisha aliandike kwenye kibao kidogo kando ya shina. Muuzaji asipolijua, mche huo usubiri mpaka mtu anayeufahamu autazame. Jioni, watoto wapitishwe bustanini na waambiwe lipi huchumwa na lipi huachwa. Hivyo ndivyo mnyaa ulivyopata wosia wake, na maua yaliyokuja baadaye yanastahili kupewa wa kwao.